Pointi za ndege na noti za babu

Kila mara mdogo wetu mmoja anapopata viza ya kwenda kusoma ngambo, ananiletea maswali mawili. La kwanza ni la baridi. La pili ni hili: "Yaya, ile kadi ya banki inayotoa pointi, mtu anafanya nini mpaka zimpe tikiti ya kurudi nyumbani?"

Leo ninajibu kwa wote. Lakini mnivumilie kidogo, nitapitia kwanza kwenye sanduku la babu, juu ni pale nilipoelewa pointi ni kitu gani.

Kwetu ni Kailo. Wanaotujua wanajua njia: ukishuka kwenye ndege Kindu, uko ngambo ya kushoto ya Lualaba. Unavuka mto mpaka Alunguli, kisha unatafuta motari atakayekubali ile barabara. Kwa mtu anayetoka Montreal kama mimi, hiyo ndiyo sehemu fupi ya safari, na ndiyo inayochosha kabisa.

Babu alikuwa mzee sana. Kila nilipopiga simu aliuliza: "Unakuja lini?" Na mimi nilikuwa na jibu moja tu: mwaka kesho. Pointi nilikuwa nazo, zaidi ya 90,000. Lakini nilikuwa ninazichunga. Nilitaka zifike 140,000 ili nipate kile kiti cha mbele kinachonyooka kama kitanda, nifike Kinshasa nimelala kama mkubwa. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili vilevile. Asubuhi moja nikafungua simu, nikakuta bei imebadilika. Pointi zangu zilikuwa zilezile, hakuna aliyeniibia hata moja. Lakini hata kiti cha nyuma, ambacho jana yake ningekipata kwa 75,000, sasa kilitaka 95,000. Mimi nilikuwa na 92,000. Nikasema sawa, nitaongeza kidogo, nitakwenda Desemba.

Babu alifariki Oktoba. Nililipa tikiti kwa feza ya kukopa, nikafika siku ya arobaini.

Kiisha dua, mama akanipa ufunguo wa sanduku la chuma. Ndani kulikuwa na karatasi zake za kazi ya ukarani mgodini, shati moja jeupe, na bahasha nene. Ndani ya bahasha, noti za zaire 5 na zaire 10, zimepangwa vizuri, zimefungwa na raba. Nikamuuliza mama kwa nini babu hakuzitumia. Akasema: "Alikuwa anazichunga za kununua mabati."

Alikuwa anazichunga. Neno lilelile nililokuwa ninasema mimi juu ya pointi.

Tuseme historia yenyewe, maana wengi wetu tulizaliwa kiisha mambo haya. Zaire kama feza ilizaliwa Juni 1967, hata kabla nchi haijaitwa Zaire. Hilo jina la nchi lilikuja 1971. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1,000, na siku ile ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Kailo ilikuwa inachimba kasiterite na wolframu, mshahara ulikuwa unaingia, na karani mwenye akili aliweka akiba. Nani angemwambia kwamba anakosea?

Kisha tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, utawala wa Mobutu ukatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Mipaka ikafungwa. Watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Walisema ni kwa kupunguza feza iliyojaa mno na kuwabana wafanya magendo. Aliyekuwa Kinshasa, jirani na banki, alikimbia kupanga mstari. Aliyekuwa kijijini, mbali na banki, habari ilimfikia pamoja na mwisho wa siku zenyewe. Akabaki na karatasi.

Na haikuishia pale. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa zaire za zamani 3,000,000. Kasai zote mbili zikaikataa, zikabaki na noti za zamani, kwa hiyo nchi moja ikawa na feza mbili. Juni 1998 ikaja franka ya leo: franka 1 kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu wenyewe. Franka 1 ni zaire za zamani bilioni 300. Babu angehitaji kiwanda kizima cha karatasi ili apate bati moja.

Njo maana wazazi wetu walikuwa na ile tabia ambayo sisi wasomi tuliicheka: mshahara ukiingia asubuhi, jioni umekwisha kuwa mbuzi, chumvi, sabuni au mifuko ya saruji. Tulisema hawajui kuweka akiba. Kumbe walijua kitu tusichokijua: kama mtu mwingine ndiye anayetoa feza, na ndiye anayeandika bei, usiiache ilale.

Sasa twende kwenye pointi.

Tarehe 1 Mei 1981 kampuni ya American Airlines ilianzisha mpango ulioitwa AAdvantage. United ikafuata siku chache baadaye. Tangu 1978 serikali ya Marekani ilikuwa imeziacha kampuni za ndege zishindane kwa bei na kwa njia, na kila moja ilitafuta namna ya kumfunga abiria asihame. Ukiruka nayo, inakuandikia maili. Maili zikitosha, inakupa kiti. Baadaye banki zikaingia. Ukilipa dukani kwa kadi ya kredi, duka linakatwa sehemu ndogo ya malipo yale. Banki inachukua sehemu ya hiyo feza na kununua pointi kwa kampuni ya ndege ili ikugawie wewe. Kwa hiyo pointi si zawadi. Ni bidhaa inayouzwa, na biashara yake ni kubwa sana. Mwaka 2020, COVID ilipolaza ndege chini, United iliweka mpango wake wa maili rehani na kukopa dola bilioni 6.8. Delta ikafanya vilevile, dola bilioni 9. Ndege hazikuwa zinaruka, lakini mashine ya kutengeneza pointi ilikuwa bado inaaminiwa na wakopeshaji.

Na bei ya kiti kwa pointi, nani anaiandika? Kampuni yenyewe. Zamani kulikuwa na jedwali: kutoka bara hili mpaka bara lile, pointi kadhaa. Delta iliondoa jedwali lake 2015, United 2019. Siku hizi kwa kampuni nyingi bei inapanda na kushuka kama ya mihogo sokoni. Masharti yanasema wazi kwamba wanaweza kubadilisha. Sisi ndio hatusomi.

Tusidanganyane, tofauti iko. Mobutu alikuwa na jeshi, na babu hakuwa na feza nyingine ya kuchagua. Mimi hakuna aliyenilazimisha kuchukua kadi. Na mtu aliyepoteza jasho la miaka si sawa na mtu aliyekosa kiti. Silinganishi kilio. Ninalinganisha namna kitu kinavyofanya kazi.

Kutoka hapo, haya ndiyo ninayowaambia wadogo.

Kwanza, ujue pointi yako moja ina thamani gani. Chukua bei ya tikiti kwa feza. Toa kodi na malipo mengine ambayo utayalipa hata ukitumia pointi. Kinachobaki, gawa kwa pointi wanazotaka. Mfano: tikiti ni dola 1,800. Kwa pointi wanataka 75,000 na dola 150 za kodi. 1,800 kutoa 150 ni 1,650. Gawa kwa 75,000, unapata senti 2.2 kwa kila pointi. Hiyo ni nzuri. Kampuni ya pili, kwa safari ileile, inataka pointi 100,000 na malipo ya dola 600. Hapo ni dola 1,200 kwa pointi 100,000, senti 1.2 tu. Na kama banki inakuambia "tupe pointi 75,000 tukupe kadi ya zawadi ya duka ya dola 525," hiyo ni senti 0.7. Pointi ni zilezile. Kwenye mlango mmoja zina thamani mara tatu ya mlango mwingine. Hesabu ya dakika mbili tu, na wengi hawaifanyi.

Pili, si lazima uruke na kampuni iliyokupa pointi. Kampuni ziko ndani ya miungano. Ethiopian na Brussels Airlines ziko Star Alliance, Air France iko SkyTeam, na zote tatu zinafika Kinshasa. Pointi za kampuni moja zinaweza kununua kiti cha mwenzake, na mara nyingine kwa bei nafuu kuliko kwa mwenyewe. Viti vya namna hiyo ni vichache, vinaonekana karibu miezi 11 kabla ya safari, na Desemba vinakwisha mbio. Kama pointi zako ni zile za banki zinazoweza kuhamishwa, ziache kwenye banki mpaka siku umekiona kiti kwa macho. Ukishazihamisha kwa kampuni ya ndege, hazirudi.

Tatu, lipa deni lote la kadi kila mwisho wa mwezi. Kule Kanada riba ya kadi nyingi ni karibu 20% kwa mwaka. Ukitumia dola 1,000 unapata tuseme pointi 1,000, yaani dola 20 ukizitumia vizuri sana. Ukiacha deni lile mwaka mzima, riba ni dola 200. Hapo si wewe unayekula pointi, pointi ndizo zinakula wewe. Kama huwezi kulipa lote, achana kabisa na hii biashara, nunua tikiti kwa feza taratibu.

Nne, na hii nilifundishwa na Nyangwe. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika pale, juu ya mto kutoka kwetu, akitaka mitumbwi ashuke na Lualaba. Bidhaa alikuwa nazo, alikuwa ametembea nazo kutoka pwani. Wenye mitumbwi hawakuzitaka. Walitaka simbi, ile feza ya soko la Nyangwe, ama watumwa, na watumwa alikataa kutoa. Mitumbwi hakuipata, akalazimika kwenda kusini kwa miguu. Mali yake haikuwa mbaya. Ilikuwa tu mali ya mahali pengine.

Pointi zako ni hivyohivyo. Zinafika Kinshasa, zinakufa pale. Kutoka Kinshasa mpaka Kindu unapanda ndege ya kampuni za ndani, ambazo hazimo kwenye ile miungano. Kuna waliokuwa wanapitia Goma, lakini kiwanja cha Goma kilifungwa kwa vita vya Januari 2025. Kwa hiyo tenga feza taslimu ya kipande kile cha mwisho kabla hujagusa pointi: tikiti ya Kindu, siku mbili tatu za kungoja Kinshasa kama ndege imeahirishwa, mtumbwi, motari. Nimewaona watu wamefika Ndjili bure kabisa, kisha wamekwama Kinshasa wiki nzima wanaomba jamaa wawasaidie.

La mwisho ni fupi. Thamani nzuri kuliko zote si senti 2.2. Mimi nilikuwa mjuzi wa senti. Nilikuwa ninajua kiti cha mbele kinatoa senti 5 kwa pointi na cha nyuma senti 2, na kwa ajili ya tofauti ile nilingoja miaka miwili. Lakini kiti cha mbele nisingekinunua kamwe kwa feza yangu, kwa hiyo ile thamani ilikuwa kwenye karatasi tu. Kiti cha nyuma kingenifikisha kwa babu akiwa hai. Kusanya pointi kwa safari moja unayoijua jina lake, na siku zinapotosha, nenda. Usizichunge za mabati.

Leo hii nina pointi 11,000 tu. Mama nimemwona mara mbili tangu arobaini ile, mara zote kiti cha nyuma, magoti yamebanwa, usingizi hakuna.

Noti za babu tuliziacha ndani ya sanduku. Niliomba moja, ya zaire 10. Niliiweka kwenye pochi, nyuma ya kadi ya kredi, ili kila nikitoa kadi ile niione kwanza.

Wenye safari ya Desemba, anzeni hesabu sasa. Na kama unaye mzee anayekuuliza "unakuja lini", mjibu kwa tarehe.