Pumzi ya Siku 41

Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, likawafukia wachimbaji wadogo sita. Siku 41 baadaye watano walitolewa hai. Tulisimuliana walichokula: mende, vyura, mizizi. Lakini njaa huvumiliwa kwa wiki kadhaa. Hewa ikikatika, dakika chache zinatosha.

Elimu ya kupima hewa inadaiwa sana na wachimbaji. Mwaka 1896 mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales baada ya mlipuko. Akaonyesha kuwa wengi waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Akashauri kutumia wanyama wadogo, ndipo chiriku wakateremshwa shimoni, kwa kuwa hulemewa na gesi hiyo kabla ya binadamu. Uingereza iliwapumzisha chiriku mwaka 1986, vipimo vya elektroniki vikashika nafasi yao.

Mtu alipoanza kuishi angani, alijikuta tena kama yuko shimoni: chumba kimefungwa, hewa ni ya kuhesabu. Februari 1997 moto uliwaka katika kituo cha Mir, moshi ukawafunika watu sita, idadi ileile ya Nyangalata. Wote walipona. Baadaye vipimo vya leza vilijaribiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kila gesi hufyonza mwanga wa aina yake. Leza iliyopangwa kwa mwanga huo hupitishwa kwenye hewa, na kiasi kinachopotea njiani hueleza gesi ni nyingi kiasi gani.

Katika maduara ya Geita na Kahama, migodi mikubwa ukiiweka kando, mara nyingi kipimo ni mshumaa. Ukififia, panda juu. Ila mshumaa hutoa habari za oksijeni tu. Moshi wa pampu ya petroli unaweza kumuua mtu huku mshumaa wake unawaka vizuri.

Huko Mererani, mkoani Manyara, wachimbaji wa tanzanite huitwa wanaapolo, jina linalokumbusha vyombo vya Apollo vilivyompeleka mtu mwezini. Juni 2002 zaidi ya 30 kati yao walikufa chini ya ardhi kwa kukosa hewa. Jina la safari za anga walikuwa nalo. Kipimo cha hewa hawakuwa nacho, na wenzao wengi wa Kahama na Geita hawana mpaka leo.