Usizime Kwanza

Madereva wa malori ya Zambia waliokuwa wakilaza magari Tandika, Dar es Salaam, walikuwa na amri moja kwa utingo: usiguse swichi mpaka niseme. Injini ilinguruma bila gia dakika tatu, wakati mwingine tano, majirani wakimeza moshi, na dereva yuko nje anasalimiana na wazee.

Amri hiyo ilikuwa ya turbo, na haikutoka kwenye Fiat za mwanzo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yakakosa njia ya kusini, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya malori, Zambia Tanzania Road Services. Fiat 682 zikaingia kwenye barabara ya kwenda Zambia, wakati huo ya vumbi na matope. Hizo hazikuwa na turbo. Mjomba wangu aliyeanza nazo kama utingo alihofia rejeta tu, na dumu la maji halikumbanduka miguuni.

Turbo tuliizoea kwa Scania, hasa 111 iliyotoka mwaka 1974. Wazo lilikuwa kuukuu: Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Moshi unaotoka unazungusha kigurudumu, nacho kinasukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kigurudumu chenyewe kinaenea kiganjani, ila kinazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, shafti yake ikielea kwenye oili. Ukizima ghafla, pampu inasimama na oili haipiti tena, huku chuma cha upande wa moshi bado kina mamia ya nyuzi. Joto hilo linaifuata shafti, na oili iliyobaki inaungua kuwa masizi magumu.

Pa kuogopa hasa palikuwa mlima wa Kitonga. Lori limetoka Ruaha Mbuyuni na mzigo kamili, limepanda kwa gia ndogo, na dereva akifika juu anataka kushuka akague matairi. Hapo ngurumo ilikuwa na kazi. Lakini gari lililojikokota kwenye foleni ya Kimara hadi Ubungo lilikuwa limeshapoa njiani. Zile dakika za Tandika, kwa maoni yangu, zilikuwa madaha, tena kwa dizeli ya tajiri.

Magari ya mitumba ya Kijapani yalipojaa, Subaru nyingine zilikuja na kidude cha kuchelewesha kuzima. Unachomoa ufunguo, injini inaendelea. Kinondoni kuna mlinzi aliyemgongea bosi mlango usiku: “Bosi, shikamoo, gari umeisahau inawaka!”

Siku hizi mimi fundi vidude hivyo navikata mwenyewe vikileta shoti. Turbo nyingi za sasa zinapozwa kwa maji pia, na maji hayo huendelea kuzunguka kidogo hata injini ikizimwa. Zinazofika mezani kwangu zimekufa kwa oili chafu. Mwenye gari ananiapia kwamba huwa anasubiri dakika tano. Namuuliza oili alimwaga lini, anaanza kuhesabu tangu Sabasaba ya mwaka jana.