Mpaka Mtungi Unyamaze

Chupa ya kwanza ililipuka saa nane usiku. Ya pili haikungoja hata dakika kumi. Jirani aligonga ukuta akiuliza kama ni risasi. Asubuhi nilifagia vioo kwenye keja yangu hapa Voi, chumba kizima kinanuka miwa, huku nikijiuliza nilikosea wapi.

Manake nilikuwa nimefuata maelekezo. Nilikamua miwa kwa binamu yangu kule Wundanyi mwezi wa saba, nikatia chachu, nikauacha mtungi jikoni kwake. Kitabu nilichopakua, cha Mzungu fulani, kilisema subiri mapovu yaishe, kisha tia kwenye chupa. Baada ya siku chache mapovu yakaisha. Nikabeba mtungi kwa matatu hadi Voi, nikajaza chupa, nikafunga vizuri, nikalala.

Nilipompigia nyanya simu, alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Uliisikiliza?"

"Niliiangalia, nyanya."

"Kuangalia ni kwa uji, mjukuu wangu."

Alinieleza mambo matatu. Kwanza sikio: ukiliweka kwenye mtungi siku za mwanzo utasikia kama mvua kwenye mabati, baadaye kama watu wananong'ona, mwishowe kimya. Lakini kimya cha asubuhi ya baridi usikiamini. Sogeza mtungi karibu na meko. Ukianza kunong'ona tena, ulikuwa umelala tu. Pili ulimi: utamu wa miwa ukibaki, kazi bado ipo. Tatu siku: ikishanyamaza, iache siku nyingine mbili au tatu, ndiyo useme imeiva.

Hiyo ndiyo bayolojia yote ya jambo hili. Chachu ni viumbe hai. Inakula sukari, inatoa kileo na hewa ya kaboni, na ile sauti ni hewa ikitoka. Ikipata baridi inapunguza mwendo au inalala kabisa, hata kama sukari bado imejaa. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukungu hauondoki mapema. Voi haifiki mita 700, na joto lake mnalijua. Pombe yangu ilikuwa imelala tu kule juu. Nilipoiteremsha huku iliamka, ikakuta imefungiwa ndani ya chupa. Umbali wenyewe ni mwendo wa matatu moja kupitia Mwatate, lakini mtungi wa Wundanyi na mtungi wa Voi havitumii kalenda moja.

Kilichonishangaza ni jinsi nyanya alivyoyasema haya. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu anayeungama. Nyanya ameokoka, na maishani mwangu sijawahi kumwona akishika kibuyu cha pombe. Nikajiuliza: ujuzi wa kiasi hiki uliishiaje kuwa siri?

Zamani haukuwa siri. Miwa ilipandwa kwenye mabonde ya Taita, yale yanayonyweshwa kwa mifereji, na pombe ya miwa ilikuwa na kazi nzito kuliko kulewesha. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu hilo kikatoka mwaka wa 1978. Kiini chake ni tendo linaloitwa kutasa: mtu anachukua funda la pombe ya miwa, au maji, anaipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba heri. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa huleta magonjwa na mikosi. Ndugu, mzazi, hata wazee waliokufa, wote wangeweza kuwa na hasira, na ilibidi itolewe hadharani. Basi fikiria uzito wa kusema "imeiva" pale ambapo pombe inangojwa na watu wenye ugomvi.

Upande ule mwingine wa dunia, swali hilohilo liliulizwa kwa sababu tofauti. Mwaka wa 1784 Mwingereza John Richardson alichapisha kitabu kuhusu kupima uzito wa maji ya kimea kwa chombo kinachoelea. Siku hizi chombo cha aina hiyo tunakiita haidromita. Maji matupu yanasoma 1.000. Maji yenye sukari ni mazito, kwa hiyo chombo kinaelea juu zaidi na kusoma, tuseme, 1.050. Chachu ikila sukari, namba inashuka. Ikisoma namba ileile siku mbili tatu mfululizo, imemaliza. Angalia vizuri: ni nyanya yuleyule, sema amevaa namba. Hata yeye anangoja siku mbili tatu.

Lakini serikali iliipenda hiyo namba. Mwaka wa 1880 Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, aliondoa kodi ya kimea na kuanza kutoza bia kulingana na uzito wa maji yake kabla ya kuchacha. Chombo kilichomsaidia mpishi wa pombe kikawa pia jicho la mtoza kodi.

Jicho hilo lilifika huku, na likaja na sheria. Miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilifungua kilabu chake cha pombe Pumwani, kwa kuiga mfumo wa Durban: baraza linapika, linauza, linaweka faida, na mama anayepika nyumbani anakuwa mhalifu. Mwaka wa 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na ndiyo maana Tusker ina picha ya ndovu. Sisi wa Voi, tunaoishi na ndovu wa Tsavo wakivunja mashamba, tunaijua hiyo stori bila kuinunua.

Uhuru haukubadilisha sana. Mwaka wa 1980 ikaja sheria ya kupiga chang'aa marufuku. Ilidumu miaka thelathini, hadi sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ilipoifuta na kutaka leseni. Leo ukitaka kujua kama bia iko tayari, unaangalia stika ya KRA na kifuniko. Hakuna anayesikiliza.

Najua jibu la watu wengi: afadhali stika, manake pombe za vichochoroni zinaua. Ni kweli. Mwaka wa 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini hiyo haikuwa pombe ya nyanya. Ilikuwa pombe ya haraka. Ukipika huku ukiogopa mlango kugongwa, huna siku kumi za kuketi na mtungi. Unataka kitu kinachopanda kichwani leo na kuisha leo, kwa hiyo unaongeza unachopata. Sheria ilipomwaga mitungi ilimwaga pia muda wa kungoja, na kanisa likaongeza aibu juu yake. Walioujua ujuzi wakanyamaza. Waliobaki kwenye biashara wengi walikuwa wale wasio na subira.

Sisemi kila mtu arudi kupika. Nasema tu kwamba ukiondoa ujuzi wa kujua kitu kimeiva, unabaki na marufuku upande mmoja na sumu upande wa pili.

Nimeanza mtungi mwingine, hapahapa Voi, ili joto lisinidanganye. Siuzi. Baba anakuja Krismasi. Mimi na yeye hatujaongea vizuri tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu. Tunasalimiana kupitia mama. Sijui kama anajua kutasa ni nini, na mimi mwenyewe nimeijulia kitabuni. Nimewaza kumpa kikombe cha kwanza na kuona atafanya nini nacho.

Haidromita ilisoma 1.006 jana, na leo ni 1.006. Nimeweka sikio, kimya. Nikampigia nyanya kumwambia imemaliza.

"Ni siku mbili," akasema. "Ngoja kesho."