Graniti Ikibanwa

Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo kwa njia panda ya Nduta, huoni graniti nyingi. Nyanda hizi za juu zimeumbwa zaidi na mawe ya mchanga na mashapo mengine ya kale. Graniti imetanda mashariki, kuelekea Tabora, Shinyanga na Mwanza, katika gamba kongwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipopiga Ziwa Tanganyika, mawimbi yake yalisafiri ndani ya mwamba huo hadi mbali. Anayetaka kuyasoma mawimbi hayo hana budi kujua kwanza jiwe linanyumbuka kiasi gani.

Kazi hiyo ilifanywa kwa subira kubwa mjini Montreal, Kanada. Frank Adams, mwanajiolojia, na Ernest Coker, mhandisi, wote wa Chuo Kikuu cha McGill, walichonga vipande vya graniti na kuvibana kwa mashine. Walipima jiwe linafupika kiasi gani, na papo hapo linatanuka kiasi gani ubavuni. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa macho, lakini ukiyajua yote mawili unaweza kukokotoa unyumbufu wa jiwe zima. Matokeo yalichapishwa 1906.

Graniti ilikuwa na tabia yake. Haikuitikia mzigo kwa ulinganifu kama chuma. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kukaza. Sababu ni nyufa nyembamba mno zilizo kati ya punje zake, ambazo hufumba mzigo unapoongezeka. Mwaka 1960 Francis Birch wa Harvard alitoa vipimo vilivyolionyesha hilo wazi. Alizibana sampuli hadi kilobari 10, sawa na uzito wa mwamba wa kilomita 35 hivi, na kasi ya mawimbi ndani ya graniti ikavuka kilomita 6 kwa sekunde.

Mwaka 1994 na 1995 timu ya Andrew Nyblade ilitega vipima-tetemeko sehemu mbalimbali za Tanzania. Kutokana na rekodi zake, unene wa gamba chini ya eneo lile kongwe la graniti ulikadiriwa kuwa kilomita 40 hivi. Kwa maoni yangu, bila miaka ile ya maabara rekodi hizo zisingesomeka.

Mawe ya mchanga ya Kibondo na Kasulu nayo yanastahili kubanwa na kupimwa kwa subira ileile, maana juu yake ndipo watu walipojenga.