Mlango wa Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 posta ya Durban, katika koloni la Natal, ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa wa Wazungu. Mwingine ulikuwa wa watu wengine wote, yaani Waafrika na Wahindi, na makarani wa upande huo waliwatukana wateja wapendavyo. Wafanyabiashara wa Kihindi liliwakera jambo hili. Chama chao kipya, Natal Indian Congress, kikaiandikia serikali. Katibu wa chama alikuwa wakili kijana aitwaye Mohandas Gandhi.

Serikali ilijibu. Haikuondoa ubaguzi, iliongeza mlango. Sasa ikawa mitatu: wa Wazungu, wa Waasia, wa Waafrika. Ripoti ya chama ya mwaka 1895 inalitaja jambo hilo miongoni mwa kazi zilizofanyika, na inasema matokeo hayakuwa mabaya sana. Mwaka uliofuata, katika kijitabu kilichochapishwa India, Gandhi alieleza kwamba walichoomba ni tofauti ile iondolewe. Namwamini. Ila katika maelezo yote mawili yule Mwafrika aliyebaki na mlango wake peke yake hazungumziwi kama mtu aliyeonewa. Yupo tu, kama ukuta ulivyopo.

Nimekuwa nikiufikiria mlango huo tangu mwezi uliopita, tulipokutana kwenye harusi ya mwenzetu mmoja Dar es Salaam. Meza yetu ilikuwa ya watu tuliosoma pamoja chuoni. Kama kawaida, chakula kilipochelewa maneno yakaanza. Mmoja alilalamika kuhusu dada wa Kihindi aliyemkatalia nyumba ya kupanga Upanga akisema wazi kwamba wanapangisha "watu wao" tu. Akamwita mbaguzi wa rangi. Rafiki yetu mwingine, anayesomea shahada ya uzamivu Marekani na alikuwa amekuja likizo, akamsahihisha. Ubaguzi wa rangi, alisema, ni chuki pamoja na mamlaka. Wahindi wa Tanzania ni kikundi kidogo. Wanaweza kuwa na dharau, wanaweza kuwa na roho mbaya, lakini wabaguzi wa rangi hawawezi kuwa, kwa sababu dola si yao.

Aliyenyimwa nyumba akamuuliza kama mamlaka ya kumnyima mtu nyumba si mamlaka. Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka babu.

Kwanza nimtendee haki rafiki yetu. Fasili ile hakuiokota njiani. Ilizaliwa Marekani, katika miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba ubaguzi ni tabia mbaya ya watu wachache wasio na adabu. Mwaka 1967 Stokely Carmichael na Charles Hamilton walichapisha kitabu cha *Black Power*, wakaonyesha kwamba ubaguzi unaweza kufanywa na taasisi bila hata mtu mmoja kutamka tusi: benki inayokataa kukopesha, shule isiyopewa vitabu, halmashauri inayouacha mtaa mmoja uoze. Mwaka 1970 Patricia Bidol akaiweka hoja hiyo kwa ufupi uliokuja kupendwa sana, kwamba ubaguzi ni chuki ukijumlisha mamlaka. Katika nchi ambayo Mzungu ndiye hakimu, ndiye polisi na ndiye mwenye nyumba, fasili hiyo inaona mambo ambayo kamusi haiyaoni.

Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya milango miwili. Kwetu sisi ilikuwa mitatu.

Wahindi walianza kupelekwa Natal mwaka 1860 kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa, na nyuma yao wakafuata wafanyabiashara waliojilipia nauli. Huku kwetu, reli ya Mombasa hadi ziwa Victoria, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ilichukua vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Waliosalia wengi walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Hao na wafanyabiashara waliokuwapo pwani tangu zamani, na jamaa zao waliowafuata, ndio waliofungua maduka hadi kwenye vijiji ambavyo serikali yenyewe ilikuwa haijafika. Hawakuwa mabwana wa nchi. Kenya waliukosa uwanda wa juu wenye rutuba, uliotengwa kwa ajili ya Wazungu. Nairobi waliambiwa wapi wajenge na wapi wasijenge.

Na bado. Vijana wa Nairobi wanaoketi Jeevanjee Gardens mchana wanakaa katika bustani ya Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwasia wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1909. Alipigana na walowezi kwa ukali kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Mwaka 1910, akiwa London, gazeti moja lilimhoji juu ya malalamiko yake, naye akapendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na himaya ya India, chini ya sheria za India, ili Wahindi waijaze. Ni jambo la kusomwa mara mbili. Mtu anayekataa kunyimwa ardhi kwa sababu ya rangi yake anapendekeza nchi nzima ya watu wengine ipewe watu wake. Wenye nchi hawakuulizwa, si na walowezi wala na yeye.

Gandhi naye, katika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini, aliwaeleza Waafrika kwa lugha ambayo siwezi kuirudia hapa bila kuichafua karatasi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Wahindi, watu wenye ustaarabu wa kale, wanashushwa hadi daraja la Mwafrika. Alipofungwa mwaka 1908 aliandika kulalamika kwamba waliwekwa pamoja na wafungwa Waafrika. Kumbuka kwamba huyu ndiye aliyetupwa nje ya treni Pietermaritzburg mwaka 1893 kwa kukaa daraja la kwanza. Alijua baridi ya ukumbi wa stesheni ile ni nini. Ujuzi huo haukumfikisha haraka kwa mtu wa daraja la tatu. Baadaye alibadilika, na wanahistoria bado wanagombana juu ya kiasi cha mabadiliko hayo. Desemba 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu yake baada ya wahadhiri na wanafunzi kuipinga kwa sababu ya maandishi hayo ya ujanani. Mimi nisingeiondoa. Ningeandika chini yake habari za posta ya Durban.

Basi, babu yangu.

Babu mzaa mama alifanya kazi miaka 11 katika duka la vitambaa mjini Tanga, kabla ya uhuru. Tajiri wake alikuwa Mhindi. Kwa simulizi zote alikuwa mtu mwema. Bibi alipougua uzazi, tajiri alitoa fedha bila kuandika deni. Mama alipoanza shule, vitambaa vya sare vilitoka dukani bure. Saa kumi jioni chai ilishuka kutoka ghorofani, chai ya maziwa yenye tangawizi, na babu alipewa ile ile aliyokunywa tajiri. Ila kikombe chake kilikuwa cha bati, na hakikupanda ghorofani kuoshwa pamoja na vingine. Alikiosha mwenyewe uani na kukiweka kwenye dirisha la nyuma. Miaka 11 kikombe kilikaa dirishani.

Tajiri huyo huyo, akiugua, hakuweza kulazwa katika hospitali ya Wazungu. Watoto wake walisoma shule ya Wahindi kwa sababu ya Wazungu haikuwapokea. Serikali ya Tanganyika ilikuwa na shule tatu, wodi tatu, ngazi tatu za mishahara. Wahindi hawakufika asilimia 1 ya watu wa nchi hii, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda nyumba ijengwe hivyo. Lakini kikombe hakikuwekwa dirishani na gavana. Hakuna sheria ya Tanganyika iliyotaja vikombe.

Nadhani ndiyo maana lugha yetu inanisaidia hapa kuliko fasili ya rafiki yangu. *Kubagua* ni kitenzi. Ni kutenga hiki na kile. Anayebagua ni yule ambaye mkono wake umetenga, awe gavana au muuza vitambaa. Mamlaka yanaamua mkono utafika wapi. Wa gavana ulifika nchi nzima, wa tajiri uliishia kwenye dirisha la nyuma. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayeifuta anasema uongo. Lakini kwa mtu anayeosha kikombe, dirisha lile ndiyo nchi.

Tena wingi hautuambii mengi kuhusu nani ana mamlaka, wala mamlaka hayakai mahali pamoja. Durban, Januari 1949, mwenye duka wa Kihindi alimpiga kijana wa Kiafrika sokoni. Jioni ile na siku zilizofuata Waafrika walishambulia maduka na nyumba za Wahindi. Watu 142 walikufa, miongoni mwao Waafrika 87 na Wahindi 50, na Waafrika wengi waliuawa kwa risasi za polisi na askari. Mwafrika wa Durban wakati huo hakuwa na kura wala ardhi. Utawala wa ubaguzi ulikuwa umeingia madarakani mwaka mmoja tu kabla, na ulikuwa unaandaa sheria dhidi ya wote wawili. Kwa fasili ile, mtu huyo asiye na mamlaka yoyote hakuwa akifanya ubaguzi alipomchagua jirani wa kumchoma kwa kutazama nywele zake. Sijui tungemwambia nini mjane.

Miaka miwili tu kabla, 1947, madaktari watatu, Xuma wa ANC pamoja na Dadoo na Naicker wa vyama vya Wahindi, walikuwa wametia saini mkataba wa kushirikiana. Mkataba ulinusurika vurugu zile. Viongozi wa pande zote mbili walizunguka mitaani wakiomba watu watulie.

Uganda mamlaka yaligeuka kwa hotuba moja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, zaidi ya 27,000 wakapokelewa Uingereza, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Kampala, Jinja au Mbale. Sasa kikundi kidogo kilichokuwa juu ya Mwafrika kwa ngazi moja kikawa chini ya kila mtu, na mjadala wa nani ana mamlaka ukawa umejibiwa uwanja wa ndege. Nyerere alisema hadharani kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Hakuwa anaanza siku hiyo. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi. Aliwafananisha na Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu muswada ukishindwa. Haukushindwa. Mwaka 1971 serikali yake ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, sheria haikutaja rangi ya mtu, ingawa wenye majengo wengi walikuwa Waasia na wengi walifunga mizigo. Familia ya tajiri wa babu ilikuwa miongoni mwao. Waliondoka asubuhi. Babu aliwapelekea mikungu miwili ya ndizi za safari, ingawa alikuwa ameacha kazi kwao miaka mingi.

Walikuwepo pia walioukataa mlango wa tatu. Makhan Singh aliunda chama cha wafanyakazi Nairobi katika miaka ya 1930 kilichochukua Wahindi na Waafrika pamoja, na Waingereza wakamfungia kizuizini zaidi ya miaka 10. Pio Gama Pinto, Mgoa, aliwasaidia Mau Mau, akafungwa, akaingia bungeni baada ya uhuru, akauawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Februari 1965. Nawataja kwa sababu wao waliishi katika ngazi zile zile. Waliiona nyumba yenyewe kuwa ndiyo kosa.

Haya yote niliyafupisha pale mezani, vibaya, huku pilau likipita. Nilieleza zaidi habari ya kikombe. Rafiki yangu wa Marekani alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwa upole kabisa: babu naye alikuwa na dirisha lake?

Alikuwa nalo. Babu alikuwa mtu wa mjini, mvaa kanzu, msomaji wa gazeti. Nje ya mji wa Tanga yalianza mashamba ya mkonge, na humo waliishi manamba, vibarua walioletwa kwa mikataba kutoka bara ya mbali na kupewa namba badala ya majina. Jumamosi walikuja mjini kununua. Babu aliwauzia kaniki na marekani, na walipotoka aliwaita kwa neno moja ambalo sisi wajukuu tulilijua kabla ya kujua maana yake. Hakuwaruhusu waketi kwenye benchi la duka, ambalo halikuwa hata lake.

Rafiki yangu aliuliza neno lenyewe ni lipi. Mezani alikuwapo mwenzetu ambaye babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Nikasema sikumbuki.