Skripti Yako Iko Fiti Migori Lakini Homa Bay Inagoma? Shika Hizi Mbinu 6

Umeunda programu ya stoo, umeijaribu kwa laptopu yako Migori mjini, inawaka bila noma. Unadandia mathree, unabadilisha Rongo, unafika kwa mteja Homa Bay. Unawasha skripti, inakutemea mstari mmoja wa kosa halafu inanyamaza. Mteja anakucheki tu, na doo bado iko kwa mfuko wake.

Mara nyingi programu haina shida. Shida ni ile skripti ndogo ya kuiwasha. Ubuntu, Debian, Fedora na Alpine zote ni Linux, lakini kila moja ina tabia zake. Na si duka tu. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, hukaa kwa Ubuntu. Mfumo kama huo ukikataa kuwaka asubuhi, wanaoumia ni wagonjwa kwa foleni.

1. Chunga mstari wa kwanza
Kwa Fedora, /bin/sh ni bash. Kwa Ubuntu ni dash, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006. Alpine hutumia ya BusyBox, na bash haiji nayo. Kwa hivyo ukianza na #!/bin/sh halafu utumie [[ ]], Fedora itakubali, Ubuntu itakuruka. Skripti simpo, tumia #!/bin/sh na [ ] za kawaida. Kama lazima iwe bash, andika:

#!/usr/bin/env bash

Hiyo inaitafuta bash popote ilipofichwa, bora tu iwe imewekwa.

2. Wacha kuandika njia ya kwako
/home/ na jina lako haiko kwa mashine ya mteja. Tumia "$HOME", na uiambie skripti ihamie folda yake yenyewe:

cd "$(dirname "$0")" || exit 1

3. Funga kila kitu na alama za nukuu
Folda ikiitwa Mauzo ya Mei, bila nukuu skripti inaona vitu vitatu. Andika "$faili", si $faili. Kuwasha programu:

exec java -jar stoo.jar "$@"

Hiyo exec inaipa Java nafasi ya skripti, so ukiizima, inazimika kweli.

4. Uliza kabla ya kutumia
Usiassume Java iko.

command -v java >/dev/null 2>&1 || { echo "Java haipo, iweke kwanza." >&2; exit 1; }

Usilazimishe apt ndani ya skripti. Fedora inatumia dnf, Alpine apk. Pia cheki uname -m: ikisema i686, hiyo ni mfumo wa biti 32, na programu ya x86_64 haitaingia.

5. Jichunge na Windows na flashi
Ukiandikia skripti kwa Windows, kila mstari unaweza kubeba herufi ya ziada mwishoni. Linux inalia "bad interpreter" na ^M. Dawa:

sed -i 's/\r$//' anza.sh

Flashi nyingi ni FAT32, na hiyo haikumbuki ruhusa za Linux. Ukishanakili kwa mashine ya mteja, piga chmod +x anza.sh.

6. Jaribu kabla ya fare
Iwashe kwa dash anza.sh kama ulianza na #!/bin/sh. Halafu pitisha shellcheck anza.sh, programu ya bure inayokuonyesha mstari gani una kasoro na kwa nini. Kwa Ubuntu unaiweka na sudo apt install shellcheck. Ifanye ukiwa bado Migori, juu bundles na fare ya kurudi Homa Bay mara ya pili ni wewe utatoa.