Mrithi Kuwa Msimamizi wa Mirathi: Haki, Hatari na Wajibu wa Mahakama

Je, mtu mwenye fungu katika mirathi anaweza kukabidhiwa usimamizi wa mirathi hiyohiyo? Katika vikao vya familia wapo wanaosema huko ni kumkabidhi fisi bucha. Makala hii inatetea msimamo kwamba, nchini Tanzania, mrithi anaweza kuwa msimamizi na mara nyingi ndiye anayefaa zaidi. Kasoro iko katika ulegevu wa kumdai hesabu.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kinaruhusu barua za usimamizi kutolewa kwa yeyote anayestahili kurithi mali yote au sehemu yake. Maslahi katika mali ndiyo yanayompa mtu sifa ya kuomba. Mahakama Kuu, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 2004, iliwataja mjane, mzazi, mtoto na ndugu wa karibu kuwa ndio wa kufikiriwa kwanza. Kenya nayo, katika kifungu cha 66 cha sheria yake ya urithi, humtanguliza mume au mke aliyefiwa. Fiqhi ya Kiislamu haimpi mrithi wasia wa mali bila ridhaa ya warithi wenzake, lakini haimzuii kuwa wasii, kwa kuwa usimamizi ni amana na hauongezi fungu.

Upendeleo huu una mantiki. Mrithi anajua kiwanja kisicho na hati kiko wapi, nani alimkopesha marehemu, na wapangaji wanalipa kiasi gani. Mali ikipotea, naye anapata hasara.

Hatari huanza pale vyeo viwili vinapochanganywa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, nyumba ya marehemu husajiliwa kwa jina la msimamizi pamoja na maneno yanayoonyesha kuwa anaishika kama mwakilishi tu. Maneno hayo husahaulika upesi. Kodi hupita mkononi mwake, miaka hupita bila mgawanyo, mjane anaogopa kufukuzwa na wadogo wanaona haya kumdai kaka yao.

Wengine wangependa mtu wa nje, kwa mfano afisa wa serikali aitwaye Kabidhi Wasii Mkuu. Njia hiyo inafaa pale ambapo familia imegawanyika kiasi cha kutoaminiana. Hata hivyo, mgeni asiyetoa hesabu hana ubora wowote kuliko ndugu asiyetoa hesabu.

Kinga ya kweli tayari imo katika sheria. Kifungu cha 107 cha Sura ya 352 kinamtaka msimamizi kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Katika Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali na madeni hutakiwa ndani ya miezi 4. Kifungu cha 49 cha Sura hiyo ya 352 kinaruhusu uteuzi kutenguliwa msimamizi anapokaidi bila sababu ya msingi. Tatizo ni kwamba mara nyingi mahakama husubiri mrithi alalamike.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, siku ya uteuzi mahakama ipange tarehe ya kupokea hesabu na imwite msimamizi yenyewe, bila kungoja malalamiko. Pili, palipo na watoto wadogo au wake zaidi ya mmoja, wateuliwe wasimamizi wawili kutoka pande tofauti za familia. Mrithi apewe usimamizi, na mahakama isifunge jalada kabla hajaonyesha kila mwenye haki amepata nini.